Bastola na hewa ya bahari: toa chumvi kwanza, mafuta baadaye

Ndugu yangu uliyehamia Casuarina kutoka Nakuru, pole. Umesema bastola yako ilikaa kule miaka sita bila doa, na hapa Malindi miezi mitatu tu imeota vidoadoa vya kahawia mdomoni mwa mtutu na kwenye kishikio, ingawa unaipaka mafuta kila Jumapili. Sasa wauliza kama uzidishe mafuta. Usizidishe. Mimi nilizidisha mwaka mzima nikaharibu silaha nzuri.

Nina kibali tangu 2009, na nyumba yangu haifiki mita mia tatu kutoka ufukweni. Mwanzoni nilikuwa naitia bastola ndani ya ala yake ya ngozi, imelowa mafuta chepechepe, naifungia kwenye sefu na kulala usingizi wangu. Kusi ilipopita nikaichomoa. Ule ubavu uliolalia ngozi ulikuwa umeliwa vishimo vidogo vidogo kama uso wa aliyeugua ndui. Ngozi hufyonza unyevu na kuushika, na dawa zinazotumika kuilainisha huacha chumvi na asidi ndani yake. Ala ni ya kiunoni, si ya kuhifadhia. Vivyo hivyo mkanda wa ngozi wa risasi: maganda yake ya shaba huota ukoga wa kijani.

Aliyenifumbua macho wala si fundi wa silaha. Ni shemeji yangu, mvuvi. Kila akirudi baharini huipitisha maji matamu mashini ya boti yake, huiacha ingurume ndani ya pipa, kisha huikausha, ndipo anashika kopo la mafuta. Siku hiyo alinikuta napaka bastola, akaniangalia, akasema, "Kwani wewe shemeji unapaka mafuta juu ya chumvi?"

Basi hapo ndipo penye mambo. Mafuta hayayeyushi chumvi, huifunika tu. Chumvi ya kawaida ya jikoni huanza kulowa kwa maji ya hewani unyevu ukifika kama asilimia 75. Lakini chumvi ya bahari imechanganyika na kloridi ya magnesi, na hiyo huanza kulowa kwenye asilimia 33 hivi. Hewa ya Malindi ikauke mpaka huko lini? Kwa hiyo punje moja iliyoletwa na upepo hukaa juu ya chuma ikiwa majimaji usiku na mchana, na kutu huenea chini ya utando wa mafuta wewe ukiona kunang'aa tu. Jasho la kiganja lina chumvi hiyohiyo, na ndiyo maana kishikio chako kimetangulia. Hata askari wa zamani, enzi za risasi ambazo kiwashio chake (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) kiliacha chumvi mtutuni, walimimina maji ya moto kwanza, wakakausha, ndipo wakatia mafuta.

Ninavyofanya sasa: natoa magazini (kile kibweta cha risasi) kwanza, kisha navuta sleidi, yaani sehemu ya juu inayorudi nyuma, natazama chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, kwa jicho na kuingiza ncha ya kidole. Utaratibu huo usiugeuze. Ukivuta sleidi magazini ikiwa bado imo, risasi moja inatoka na nyingine inaingia, nawe unajiona umemaliza. Risasi zote nazipeleka chumba kingine kabla sijashika kitambaa. Halafu napangusa chuma chote kwa kitambaa kilicholoa maji matamu kidogo, nakausha papo hapo, napitisha kingine chenye spiriti ili kufukuza maji yaliyobaki kwenye mikunjo, mwisho mafuta ya bunduki, utando mwembamba hata kidole kisiteleze. Baada ya hapo siishiki kwa mkono mtupu. WD-40 ninayo, lakini ni ya kufukuza maji, haikai muda mrefu. Risasi zenyewe sizipaki chochote, maana mafuta yanaweza kupenya kwenye kiwashio na siku ya siku isilie.

Msimu wa kusi, tangu Aprili, nafanya hivi kila wiki. Kaskazi ikivuma, kila wiki mbili. Na ukiibeba siku nzima kiunoni, ni jioni hiyohiyo, usingoje Jumapili. Jambo jingine ambalo wengi hawalitazami ni eyasii, yaani kiyoyozi. Bastola iliyopoa kwenye chumba cha baridi ukiitoa veranda hutoka jasho kama chupa ya soda. Iache ipate joto, ipanguse, ndipo uifungie.

Sefu usiiegemeze kwenye ukuta unaotazama bahari. Nyumba zetu nyingi ni za mawe ya matumbawe, na mawe hayo hunywa maji na kuyatoa taratibu. Yangu iko ukuta wa kati, nyuma imeachiwa upenyo wa vidole viwili. Tena matumbawe hayashiki bolti: fundi alitoboa, tundu likamomonyoka kama biskuti. Tukaishia kuifunga kwenye sakafu ya zege. Ndani nimeng'oa sponji yote, kwa sababu nayo hushika unyevu kama ngozi, nikaweka vigingi vya plastiki. Kuna kopo la silika jeli, zile punje za kunyonya unyevu, la kubadilika rangi. Likitoka rangi ya chungwa likawa kijani, nalirudisha ovenini kwenye joto la nyuzi 120, saa mbili hivi. Vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu hushiba upesi sana, na mchele ni hadithi tu. Nunua na kipimo kidogo cha unyevu, ukilenga kati ya asilimia 40 na 50.

Hujauliza habari za watoto, ila umetaja una wawili, kwa hiyo nitasema. Ufunguo wangu ulikuwa juu ya kabati, nyuma ya sanduku la nguo. Siku moja mjukuu wangu wa miaka sita akaniletea mkononi: "Babu, umeangusha hiki." Hakuwa amefungua kitu. Miguu yangu iliisha nguvu, nikakaa kitandani. Tangu siku hiyo ufunguo sijauacha, hata msikitini naenda nao, na risasi ziko kwenye kisanduku kingine chenye kufuli yake. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inakutaka uitunze mahali salama wakati wote, lakini nakuambia si polisi niliyemuwaza siku ile.

Ukipendelea sefu ya namba, jua kwamba chumvi hula vikonyo vya betri. Vipanguse unapobadilisha betri, na ule ufunguo wa dharura usiufungie humo humo ndani (nimemjua mtu aliyefanya hivyo, akaita mtu wa grenda).

Kuhusu madoa yako ya sasa: msasa usiuguse, utakwangua weusi wote wa chuma, ule unaokikinga. Paka mafuta usiku, asubuhi sugua kwa brashi ya nyuzi za shaba, ambayo ni laini kuliko chuma. Doa likitoka pakabaki laini, osha na kukausha kama nilivyoeleza. Ukucha ukinasa kwenye kishimo, hasa ndani ya mtutu au kwenye chemba, usiipige hata risasi moja mpaka fundi wa silaha mwenye leseni aitazame.