Nani Atambishia Hodi Bibi wa Nyumba ya Nne?

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Wewe na majirani zako mmejiandaaje kukabili maafa kwa pamoja?" Sisi tuna karatasi moja, filimbi kumi na mbili na aibu moja. Nianze na aibu, kwa kuwa ndiyo iliyozaa hivyo vingine.

Usiku mmoja hitilafu ya umeme iliwasha moto kwenye stoo ya nyumba ya tatu. Moshi ulitutoa wote nje, wengine na shuka mwilini, mmoja kakumbatia televisheni. Moto ukazimwa kabla haujashika dari. Tulishaanza hata kuchekana pale mtoto mmoja alipouliza, "Bibi yuko wapi?" Bibi wa nyumba ya nne hasikii vizuri. Alikuwa kalala fofofo, na dirisha lake linatazamana na stoo iliyoungua. Mimi nilidhani kaamshwa na jirani anayepakana naye ukuta. Jirani huyo alidhani nimemwamsha mimi, kwa kuwa mimi ndiye humpitia kila jioni. Watu thelathini na kitu tumesimama nje, kila mmoja kamwachia mwenzake.

Kesho yake tukakosea tena: tukaunda kamati. Mwenyekiti, makamu, katibu, na mweka hazina wa fedha zisizokuwapo. Vikao viwili vikaishia kwenye jina la kikundi na rangi ya fulana. Cha tatu tulihudhuria wanne, na mwenyekiti hakuwa mmojawapo.

Kilichotuokoa ni dada mmoja muuguzi aliyechoshwa na vikao. Alichukua daftari akapita nyumba kwa nyumba na maswali manne tu. Hapa wanalala wangapi? Kuna asiyeweza kutoka mwenyewe, au anayetegemea dawa au mashine ya umeme? Gesi na umeme vinazimiwa wapi? Una kifaa au ujuzi gani unaoweza kutufaa? Ndani ya siku tatu tulijua mambo ambayo miaka ya kusalimiana haikutuambia. Kijana tuliyemwita mzururaji alikuwa na mafunzo ya huduma ya kwanza. Ngazi ndefu ilikuwapo, imelala nyuma ya banda. Na mama mmoja alikuwa akipumua usiku kwa msaada wa mashine ya oksijeni. Sisi umeme ukikatika tunatafuta mshumaa. Kwake hayo tayari ni maafa.

Wenzangu wengine walihoji kama tunafanya kazi isiyo yetu, maana zimamoto wapo. Wapo, ndiyo, ila hawawezi kuwa kila mlango kwa wakati mmoja. Tetemeko la ardhi lililopiga Kobe, Japani, Januari 17, 1995, saa 11:46 alfajiri, liliua watu zaidi ya 6,400. Walio wengi kati ya waliotolewa hai kwenye vifusi walitolewa na ndugu na majirani. Katika mji mdogo wa Hokudan, karibu na kitovu cha tetemeko hilo, majirani walijua nani hulala chumba kipi, hivyo wakajua pa kuanzia kuchimba. Wala si lazima nyumba zianguke. Julai ya mwaka huohuo, joto kali liliua watu zaidi ya 700 mjini Chicago kwa siku chache. Wengi wao walikuwa wazee wanaoishi peke yao, madirisha yamefungwa, na hakuna aliyewagongea.

Basi karatasi yetu ikapata safu ya pili. Kila mwenye kuhitaji msaada ana majina mawili pembeni yake, kwa sababu wa kwanza anaweza kuwa safarini. Jukumu la watu hao ni moja: kumfikia mtu wao kabla ya kufanya jambo jingine lolote, wakishahakikisha watu wa nyumbani mwao wako salama.

Bibi mwenyewe alitukatalia. Tulipomwomba aache ufunguo wa akiba kwa jirani alituuliza kama tumeanza kumhesabia siku. Ilichukua wiki mbili na busara za muuguzi, ambaye alimpa kazi badala ya kumpa huruma. Sasa Bibi ndiye mwenye orodha mahali pa kukutania. Anatuita majina na kutia alama. Ufunguo aliutoa siku ileile. Nadhani tulimkosea tangu mwanzo kwa kumwandika kwenye safu ya mizigo peke yake.

Filimbi zilikuja baadaye. Milio mitatu mirefu maana yake tokeni. Tulichagua ishara fupi tukiwafikiria watu wa kisiwa cha Simeulue, Indonesia. Tsunami ya mwaka 1907 iliwaua wengi huko, na waliobaki wakalirithisha neno moja, smong, kwa hadithi na nyimbo za kubembeleza watoto: ardhi ikitikisika sana na bahari ikarudi nyuma, kimbilieni mlimani. Desemba 26, 2004, tsunami ilipopiga tena, kisiwa hicho chenye watu wapatao 78,000 kilipoteza watu 7. Hawakuwa na king'ora chochote.

Zoezi letu la kwanza lilikuwa kichekesho. Kila mwenye filimbi alipuliza, hakuna aliyejua mlio umetoka wapi, na nusu yetu tulikwenda lango lisilo lenyewe. La pili lilikuwa bora. Tunafanya mara mbili kwa mwaka, na moja lazima liwe usiku, watu wakinuna wasinune.

Mengine ni ya kawaida. Kila nyumba iweke maji ya siku tatu, lita 4 kwa mtu kwa siku. Ukinusa gesi, funga koki kama unaifikia kwa usalama, usiguse swichi yoyote, toka nje, na usiifungulie mwenyewe mpaka fundi aikague. Jenereta haiwashwi ndani hata kama mvua inanyesha, kwa kuwa moshi wake una sumu isiyo na harufu. Simu zikielemewa, tuma ujumbe mfupi badala ya kupiga. Kundi letu la WhatsApp tunalo, lakini betri huisha na minara huzimika, ndiyo maana orodha iko kwenye karatasi, nakala tatu, ndani ya mifuko isiyopitisha maji.

Kuna walioikataa karatasi hiyo, na siwalaumu. Orodha inayoonyesha nani mgonjwa na nani analala peke yake ni zawadi kwa mwizi. Tulikubaliana nakala zikae kwa watu watatu waliochaguliwa na wote, na asiyetaka kuandikwa ugonjwa wake aandike "nibishieni hodi" tu. Inatosha.

Majina yanaandikwa kwa penseli, kwa sababu watu huhama. Mpangaji mpya wa nyumba ya saba bado hana jina kwenye orodha. Nimembishia mara mbili sikumkuta. Jumamosi nitakwenda tena, safari hii na filimbi yake mkononi.