Hilux ya dizeli iliyoongezewa nguvu inakula mafuta na kutoa moshi: nianzie wapi?

SWALI: Ndugu mhandisi, ninamiliki Hilux ya mwaka 2008 yenye injini ya dizeli ya lita 3.0, aina ya 1KD-FTV, gia za mkono. Kazi yake ni kupeleka nyanya na vitunguu kutoka Ilula hadi Morogoro na kurudi na bidhaa za duka. Nilipoinunua ilikuwa imeshainuliwa na kufungwa matairi ya 285/75R16, badala ya 265/70R16 yaliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni. Mimi nikaongeza keria na bampa la chuma, pamoja na kile kisanduku cha umeme cha kuongeza nguvu. Sasa inatoa moshi mweusi ikipanda mlima wa Kitonga, asubuhi inagongagonga kabla haijapata moto, na safari iliyopita lita 62 ziliisha kwa kilomita 430. Fundi mmoja amenishauri nifunge turbo kubwa zaidi. Nifanye nini ili ulaji wa mafuta upungue na injini idumu?

JIBU: Ndugu msomaji, nakuomba usifunge turbo kubwa. Injini yako hufikia mvuto wake kamili, yaani Nm 343, kuanzia mizunguko ya takriban 1,400 kwa dakika, na huko chini ndiko gari la mizigo linakofanyia kazi. Turbo ni pampu inayosukumia injini hewa, na ikiwa kubwa huchelewa kuijaza katika mizunguko hiyo, kwa hiyo moshi unaoulalamikia ungezidi. Mlio wa asubuhi nao unaniambia kwamba huenda kuna jambo ndani ya injini linalohitaji kuangaliwa kabla ya kuongeza kitu chochote.

Kwanza turekebishe hesabu yako. Tairi la 265/70R16 lina kipenyo cha milimita 777 hivi, na la 285/75R16 lina milimita 834, yaani limezidi kwa asilimia 7. Kwa kuwa kipima mwendo kinahesabu mizunguko ya magurudumu tu, kilomita 430 ulizoziona kwenye dashibodi zilikuwa takriban 461 barabarani. Ulipata kilomita 7.4 kwa lita, si 6.9 kama ulivyodhani. Ni ulaji mkubwa bado, lakini sehemu ya hasara uliyokuwa ukiihesabu haikuwapo. Tangu sasa jaza tangi hadi pampu ijikate yenyewe, tembea, kisha jaza tena katika sheli ileile na pampu ileile, zidisha kilomita za dashibodi kwa 1.07 na uandike kwenye daftari. Bila daftari hilo hutajua ni matengenezo gani yaliyokusaidia na yapi yaliyokula fedha zako bure.

Sasa moshi. Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kutosha kuungua, nawe umeilipia. Visanduku vingi vya aina uliyofunga huunganishwa kwenye sensa ya shinikizo la reli ya dizeli, yaani bomba linalogawa dizeli kwa silinda zote, na kuidanganya kompyuta ya injini kwamba shinikizo liko chini kuliko lilivyo. Kompyuta huamuru pampu ipandishe shinikizo, na kwa muda uleule nozeli, yaani kifaa kinachopuliza dizeli, inapofunguka, dizeli nyingi zaidi huingia kwenye silinda. Hewa haikuongezwa kwa kiasi hicho. Matokeo yake ni moshi, na jambo baya zaidi kuliko moshi ni joto. Katika mlima mrefu wenye mzigo, kama Kitonga unaporudi na bidhaa, joto la gesi ya egzosi hupanda na kukaa juu kwa dakika nyingi mfululizo, na pistoni za injini hii zinafahamika kwa kupasuka pale joto la ziada linapokutana na nozeli mbovu. Kiondoe kisanduku hicho leo. Ukihitaji nguvu zaidi baadaye, tafuta mtu anayeweza kurekebisha programu ya kompyuta yenyewe huku akipima joto la egzosi kabla ya turbo. Mimi kwa gari la mizigo sikubali joto hilo lizidi nyuzi 700 za Selsiasi katika mpando mrefu.

Baada ya kukiondoa, kagua mipira inayopeleka hewa kutoka kwenye turbo hadi intakula, yaani kipoza hewa, na kutoka intakula hadi injini. Mpira uliopasuka upande wa chini hauonekani kwa macho. Ulegeze, uupinde kwa mkono, utaona ufa wenye oili. Ufa mdogo hapo huleta moshi uleule hata kwenye gari ambalo halijaguswa na mtu.

Sehemu inayonitia wasiwasi kuliko zote ni nozeli na washa, yaani pete ndogo za kuziba zinazokaa chini yake. Katika 1KD washa hizo zikishindwa kuziba, gesi ya mwako hupenya kando ya nozeli na kupanda hadi chini ya kava la juu, ikapeleka masizi ndani ya oili. Masizi hayo huganda kama lami, hushuka kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na hatimaye huziba chujio la waya ambalo pampu ya oili hufyonzea. Injini inayoonekana nzima hukosa oili ghafla, turbo na beringi vikaharibika ndani ya muda mfupi. Nimefungua injini kadhaa za namna hii ambazo wenyewe walikuwa wakibadilisha oili kwa uaminifu, na nilichokikuta kwenye chujio kilikuwa tabaka gumu jeusi lililoacha matundu machache tu. Inauma kuona mtu aliyetunza gari lake akipoteza injini kwa washa ndogo ambayo hakuna aliyemwambia habari zake.

Kwa hiyo fundi afungue kava la juu na kutazama kuzunguka kila nozeli: weusi mkavu au lami ni ushahidi kwamba washa inavuja. Hapo washa zote nne zibadilishwe kwa pamoja, mahali zinapokaa pasafishwe vizuri, na sampu ishushwe ili chujio la kufyonzea lioshwe au libadilishwe. Mafundi wengi huishia juu kwa sababu kushusha sampu ni kazi ngumu, nawe usikubali, maana masizi yaliyokwisha kushuka hayatatoka kwa kubadilisha oili. Wakati huohuo aunganishe mashine ya uchunguzi na kusoma kiasi cha dizeli ambacho kompyuta inakisahihisha kwa kila silinda injini ikiunguruma gari likiwa limesimama. Silinda moja ikitofautiana sana na nyingine, nozeli yake ipelekwe kupimwa kwenye mashine maalumu, na mlio wako wa asubuhi huenda ukapata maelezo yake hapo. Ukilazimika kununua nozeli, hakikisha namba za usahihisho zilizochapwa juu yake zinaingizwa kwenye kompyuta pale injini inapozihitaji, la sivyo nozeli mpya itagonga kama ya zamani.

Nozeli huuawa pia na mafuta. Pampu ya shinikizo kubwa hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa yana ulainishi mdogo, ndiyo maana uchakachuaji, yaani kuyachanganya na dizeli, ambao EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuukabili mwaka 2010 kwa kuweka vinasaba (alama za kemikali) kwenye mafuta, si suala la kodi peke yake. Jaza kwenye sheli zenye wateja wengi, omba risiti, na usinunue dizeli ya madumu kando ya barabara hata kwa bei nusu. Toa maji kwenye chujio la dizeli kila mwezi, na chujio lenyewe ulibadilishe mapema kuliko kitabu kinavyosema.

Oili, kwa kazi yako, badilisha kila kilomita 5,000 halisi, ukikumbuka kwamba hizo ni takriban 4,660 kwenye dashibodi yako. Chujio la hewa lisipulizwe na kompresa mara kwa mara kwa kuwa karatasi yake hutoboka. Pitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba lililo baada ya chujio, na ukikuta vumbi, jua turbo na silinda zinasagwa taratibu.

Yanabaki matairi na chuma. Matairi yako yamefanya kila gia kuwa ndefu zaidi, yaani yenye mvuto mdogo, kwa asilimia 7, kwa hiyo gari linashindwa mlima katika gia ya nne na unalazimika kurudi ya tatu na kukanyaga zaidi. Rudi kwenye 265/70R16, au 265/75R16 kama unahitaji kimo, ambayo inazidi ya kiwandani kwa asilimia 3 tu. Keria ivuliwe siku isiyo na kazi, kwani ukinzani wa upepo hukua kwa mraba wa mwendo: kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa, nguvu ya upepo huongezeka kwa asilimia 56. Dashibodi yako ikisema 93, tayari uko 100.

Mwisho, unaposhuka Kitonga na nyanya, usiweke nyutro ukidhani unaokoa mafuta. Gari likiwa ndani ya gia na mguu ukiwa nje ya pedali, kompyuta hukata dizeli kabisa, ilhali katika nyutro injini inaendelea kunywa ili isizimike, na breki zako zinabeba mzigo wote peke yake. Shuka kwa gia ambayo ungepandia.

Anza na kisanduku, kisha washa na sampu, na matairi yasubiri yaliyopo yachakae. Uniandikie tena baada ya kujaza tangi mara tatu, ukiwa na takwimu za daftari lako.