Asilimia ya Nini? Hesabu Anazohitaji Wakili wa Kampuni

Wiki iliyopita wakili mchanga wa ofisini kwetu, hapa Posta, aliniletea rasimu ya mkataba wa mkopo ambamo mkopaji anaahidi kwamba mkopeshaji wa nje atabaki na riba ya shilingi milioni 100 baada ya kodi ya zuio, yaani ile anayoikata mlipaji kabla ya kulipa, ya asilimia 10. Kwenye jedwali la malipo aliandika milioni 110. Nilimwomba atoe asilimia 10 ya hizo milioni 110, akapata milioni 11, akaona mwenyewe kwamba mkopeshaji angebaki na milioni 99. Kiasi sahihi ni shilingi 111,111,111, yaani milioni 100 kugawanya kwa 0.9. Huyu ni wa nne kufanya kosa hilo mbele yangu, na wote wanne waliniambia kwamba walisoma sheria ili wazikimbie hesabu. Ndiyo maana nawaandikia, wadogo zangu.

Kazi yetu haidai hesabu za wahandisi. Inadai asilimia, uwiano na riba, mambo mliyofundishwa sekondari, pamoja na subira ya kuyarudia pale mteja anaposubiri kusaini.

1. Ukiona asilimia, uliza ni asilimia ya nini. Nilikuwa na miaka miwili ya uwakili nilipopewa mkataba wa mwekezaji aliyeleta shilingi bilioni 2 ili apate asilimia 25 ya kampuni ya familia yenye hisa 1,000,000. Nilichukua asilimia 25 ya hisa hizo, nikaandika kwamba atagawiwa hisa mpya 250,000. Wakili mwandamizi aliusoma mkataba wote isipokuwa jedwali, kwa kuwa nilimwambia nimelihakiki. Nilichokuwa nimefanya ni kurudia hesabu ileile mara mbili na kupata jibu lilelile.

Hisa zikatolewa, taarifa ya ugawaji ikapelekwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, fedha zikaingia. Mwaka uliofuata kampuni ikatangaza gawio la shilingi milioni 400. Mwekezaji, ambaye ndiye mteja wetu, alitarajia milioni 100 kabla ya kodi, akatengewa milioni 80. Mhasibu wake, mama mtu mzima mwenye sauti ya upole, akanipigia simu: “Wakili, hisa 250,000 ukizigawanya kwa 1,250,000, wewe unapata ngapi?” Nilipiga hesabu hiyo nikiwa nimeshika simu, na nilipopata asilimia 20 sikuweza kumjibu.

Hisa mpya huongeza jumla ya hisa zote, na asilimia ya mwekezaji hupimwa kwenye jumla hiyo mpya. Alistahili hisa 333,333, ambazo kati ya jumla mpya ya 1,333,333 ni asilimia 25. Laiti ningegawanya bilioni 2 kwa hisa nilizoandika, ningeona kwamba analipa shilingi 8,000 kwa kila hisa, wakati makubaliano, yaliyoithamini kampuni kwa bilioni 6 kabla ya fedha zake kuingia, yalimaanisha shilingi 6,000. Utangulizi wa mkataba ulisema asilimia 25, jedwali likasema hisa 250,000, na waanzilishi walishikilia jedwali, kwa maana ndilo walilosaini. Tulikaa vikao miezi mitatu hadi wakakubali kutoa hisa 83,333 za nyongeza. Ofisi ilibeba gharama zote na mteja hakurudi tena kwetu. Siku ya kusaini aliniuliza kama kila kitu kiko sawa, nami nilimjibu, “Kiko sawa, mzee.” Jibu hilo linaniuma kuliko hesabu yenyewe.

2. Kila kifungu chenye fomula kiwekee mfano wa tarakimu, kisha mpe mhasibu wa mteja aupitie kabla ya upande wa pili kuuona.

3. Riba ya asilimia 2 kwa mwezi, ikiwa riba nayo inazaa riba, inafika karibu asilimia 26.8 kwa mwaka, si 24. Tazameni pia kama mwaka umehesabiwa kwa siku 360 au 365, kwa kuwa kwenye mkopo wa shilingi bilioni 10 wenye riba ya asilimia 15 tofauti hiyo inazidi milioni 20 kwa mwaka.

4. Someni mizania, yaani taarifa ya mali na madeni ya kampuni, pamoja na maelezo yake ya nyuma, kwa sababu dhamana na madeni yenye utata mara nyingi yamo humo. Faida si fedha taslimu: kampuni inaweza kutangaza faida huku ikikosa mishahara, na inaweza kuwa na fedha benki bila kuwa na faida ya kugawa gawio. Niliwahi kumkuta kijana wetu ameandika sharti la uwiano wa deni kwa faida bila kueleza kama faida hiyo ni ya kabla au baada ya riba, kodi na uchakavu. Nilipomuuliza, alijibu kwamba hilo ni la wahasibu. Hapana, mdogo wangu, maana ya neno ndani ya mkataba ni kazi yako, na mahakamani wewe ndiye utakayeulizwa.

Yule wa milioni 110 alinirudishia rasimu Ijumaa. Chini ya kifungu cha kodi ameweka mfano wa hesabu, nao ni sahihi, na pembeni ya kifungu cha riba ameandika kwa kalamu: “Siku 360 au 365?” Tumempelekea mkopeshaji swali hilo na tunasubiri jibu lake.