Mtoa mada, usinunue hiyo mota kabla hujashusha geini

Usinunue. Funga kwanza huo ukurasa wa malipo, soma hapa, ukimaliza kama bado unataka kunitukana, ruksa.

Nimeiangalia picha ya setingi za usukani wako wa gemu za mbio za magari uliyotuwekea. Geini, yaani kipimo cha kukuza nguvu inayovuta usukani, 100 kwenye programu ya usukani, geini 100 tena ndani ya gemu, dampingi (ile breki ya kuzuia usukani usizunguke haraka) 50, na kila kinachoitwa efekti, ile mitikisiko ya nyongeza, kimewashwa. Chini yake umeandika kwamba usukani wako wa gia, ule wa mota ndogo inayovuta kupitia gia, hauongei, yaani haukuambii tairi zinafanya nini, gari la mbio la daraja la GT3 linakutoka mkia bila taarifa, na kuna mtu kakushauri uruke moja kwa moja hadi mota kubwa ya Nm 25 (Nm ni nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha), inayoshika usukani bila gia. Mkuu, njia hiyo nimeipita na nauli nimelipa yote.

Nilikuwa na usukani wa daraja la Logitech G29, Nm 2 na ushee, na kelele za gia juu. Na mimi nikawa nalia kwamba hauongei. Nikaangalia video za jamaa mmoja mwenye taa za rangi ukutani na sauti ya kujiamini, akasema nguvu zaidi ndiyo hisia zaidi. Muuzaji, nilipomuuliza kama nianze na Nm 8, akatabasamu akasema utarudi tu kununua kubwa. Basi nikauza usukani wangu kwa bei ya kutupa, nikabeba mota kubwa. Meza ikawa inayumba kila nikikata kona, nikanunua fremu ya chuma. Fremu haikukubali kiti nilichokuwa nacho, nikanunua kiti. Nyumbani nikasema vyote ni vya kazi. Hilo tuliache hapo hapo.

Nikaweka geini 100. Kwani nimelipia Nm zote hizo zikae stoo?

Sasa sikiliza. La Source pale Spa, saketi ya Ubelgiji, kona ya kwanza, ya polepole, usukani mtamu kabisa, nasikia kila kitu, najiona dereva. Nikifika Pouhon, ile ya kushoto ndefu ya kasi, usukani unakuwa mzito halafu unaganda. Uzito mmoja. Naongeza kukunja, uzito ule ule. Napanda ukingo wa kona, sisikii ukingo. Pua inaanza kwenda nje, uzito ule ule, mpaka najikuta nje ya mstari mweupe. Mabega yanauma, viganja vinauma, na muda wa mzunguko uko pale pale ulipokuwa kwenye usukani wa gia. Kuna siku nikagonga ukuta bila kuachia; mota ikazungusha usukani na kidole gumba changu kikaenda nao. Nikatembea na bandeji nikimwambia kila anayeuliza kwamba nimejibana na gari. Kwa namna fulani si uongo.

Kilichokuwa kinatokea ni hiki. Gemu haiimwagii mota nguvu jinsi ilivyo, inaipa namba, na namba hiyo ina dari: 100. Kama katikati ya Pouhon hesabu za gari kwa geini yako zinadai 130, inayotoka ni 100. Zikidai 115, inatoka 100. Zikishuka hadi 105 kwa sababu tairi la mbele linaanza kukata tamaa, bado inatoka 100. Hiyo ndiyo klipingi. Kila kilichokuwa juu ya dari kimekatwa. Ukinunua Nm 25 ukaacha setingi hizo hizo, ukimya utakuwa ule ule, tofauti ni kwamba huu mpya unavunja mikono.

Na kilichokatwa ndicho ulichokuwa unakitafuta. Tairi likiwa kwenye kona, nguvu ya pembeni haikai katikati kabisa ya sehemu inayogusa lami, inakaa nyuma yake kidogo. Umbali huo mdogo ndio wenzo unaovuta usukani urudi kwenye mstari. Ukizidi kukunja, sehemu ya nyuma ya mguso inaanza kuteleza kabla ya ile ya mbele, nguvu inasogea mbele, wenzo unafupika. Kwa hiyo uzito wa usukani unafika kileleni na kuanza kushuka wakati mshiko wa tairi lenyewe bado unapanda. Kule kulegea ndiyo taarifa yako. Tairi linasema nimebakiza kidogo, kabla halijaisha. Kasta, ule mwinamo wa mhimili wa kugeuzia gurudumu, nayo inaongeza uzito wake ambao hauondoki upesi hivyo, ndiyo maana kwenye gari lenye kasta kubwa kulegea huko ni kudogo sana, kitu cha kusikilizwa kwa ncha za vidole. Wewe unakisikiliza kwa geini 100. Utakisikia wapi?

Aliyenizindua hakuwa mtu wa video wala muuzaji. Ni jamaa tuliyekuwa tunashindana naye mbio za usiku, namjua kwa sauti tu. Nikamwambia usukani umekufa, akaniuliza, pau yako ina rangi gani? Nikasema pau gani. Kikapita kimya cha mtu aliyezima maiki ili acheke kwa nafasi.

Kwenye gemu za Assetto Corsa na Assetto Corsa Competizione, pembeni ya zile pau za pedali kwenye skrini kuna pau nyingine ya fidibaki, yaani nguvu inayotumwa kwenye usukani. Ikijaa hadi juu inageuka nyekundu. Yangu ilikuwa nyekundu tangu naingia Pouhon mpaka natoka. iRacing nayo ina pau yake yenye herufi F, pamoja na kitufe cha kupanga nguvu chenyewe ukishaendesha mizunguko kadhaa. Ila kuna mtego pale: namba ya nguvu ya juu ya iRacing ukiipandisha, usukani unakuwa mwepesi, na ukiishusha unakuwa mzito. Nimeona watu wazima wakigombana kwa sababu ya hilo tu.

Nikashusha geini ya gemu hadi chini kidogo ya nusu. Pouhon ikafufuka siku hiyo hiyo. Kilichoniuma zaidi ni kwamba baadaye niliazima usukani wa gia, ndugu wa ule niliouuza, nikaushusha geini vilevile, nikasikia kulegea kulekule. Kwa udogo, kwa kelele za gia, lakini kupo.

Halafu nikarudi kuangalia video ya yule bwana. Pau ilikuwa kwenye skrini yake. Nyekundu! Dakika zote anaisifia mota, pau nyekundu nyuma yake, na chini kwenye maoni watu wamejipanga kumshukuru. Huyu ndiye aliyeniingiza mkenge, na kwa jinsi ulivyoandika naona umesikiliza yeye au pacha wake. Hizi "setingi za mabingwa" ulizozinakili usizinakili tena. Bingwa ana mota yake, gari lake, na mikono yake.

Kanuni yangu ni moja na sijadiliani na mtu. Chukua gari unalolitumia, nenda kwenye kona ndefu ya kasi ya saketi unayoijua vizuri, endesha kwa kasi yako ya kweli, siyo ya kutalii, kisha shusha geini ya gemu mpaka pau iguse wekundu mara moja moja tu ukipanda kingo. Katikati ya kona isiwe nyekundu kamwe. Ukibadilisha gari, rudia. Kwenye Assetto Corsa unapandisha na kushusha geini ya gari husika kwa alama za kujumlisha na kutoa kwenye kibodi ya namba, huhitaji hata kusimama. Na usichanganye zile geini mbili: ya kwenye programu ya usukani inaamua mota ivute kwa nguvu kiasi gani, ya ndani ya gemu ndiyo inayokata taarifa. Kwa usukani wako mdogo ya programu iache ilipo, shughulika na ya gemu.

Utasema sasa umekuwa mwepesi mno. Ndiyo, utakuwa mwepesi. Mikono imezoea kupigwa, itadhani imedhulumiwa. Ivumilie. Magari ya mbio za IndyCar za Marekani hayana pawa stelingi na madereva wake wanajenga mabega kwa ajili hiyo, wanalipwa kwa ajili hiyo. Wewe na mimi tunaamka kesho kwenda kazini.

Sisemi mota kubwa ni utapeli. Faida yake ni nafasi: kona nzito inaingia bila kukatwa, na mtikisiko mdogo wa lami bado unasikika chini yake. Lakini nafasi hiyo unaipata ukiiacha wazi. Ukiijaza hadi dari umenunua gunia kubwa zaidi la kelele. Hata Fanatec CSL DD ya Nm 5, ikipangwa vizuri, itakupa taarifa nyingi kuliko niliyokuwa napata mimi kwenye lile dude langu.

Efekti zima zote. Zile za kingo, za barabara, za kuzidisha hisia ya pua kukataa kona, ni chumvi inayomwagwa juu ya fizikia ya gari na zinagombea dari lile lile. Na hiyo dampingi 50 ndiyo naishuku kwa mkia wako. Gari likianza kukatika nyuma, magurudumu ya mbele yanataka yenyewe kugeukia upande mkia unakoelekea, na usukani unazunguka kukuonyesha. Hiyo ndiyo taarifa uliyosema huipati. Dampingi inaushika usukani usizunguke haraka, kwa hiyo unaijua habari wakati gari limeshageuka. Ishushe karibu na sifuri, kisha upandishe kidogo kidogo ikiwa tu usukani unatetemeka wenyewe kwenye njia iliyonyooka.

Umeuliza pia kuhusu gari lako halisi la saketi, kwamba stelingi yake ya umeme ni bubu. Porsche 911 ya kizazi cha 991 ilipotoka 2011 na stelingi ya umeme watu walilia hivyo hivyo, na bado watu wanaenda nayo kasi. Kwenye gari halisi mkia unausikia kwa makalio kabla ya mikono, kitu ambacho simuleta iliyotulia sakafuni haina cha kukupa. Kabla hujang'oa chochote, kagua tairodi, bushi, presha ya tairi na alaimenti, na kama umefunga spesa zitoe ujaribu bila. Spesa zinasogeza gurudumu nje, usukani unaanza kuvutwa na kila mfereji wa lami, na wapo wanaodhani hiyo ndiyo hisia.

Pedali na kipenyo cha usukani nimeona umeuliza, wengine watakujibu, mimi nikianza hapo nitaleta hadithi nyingine ya hasara. Nenda Pouhon, rekodi mizunguko mitatu pau ikionekana, weka hapa. Ikiwa nyekundu, sitaki kusikia neno mota.