Ukiitwa "Yero" chuoni Moshi

Mdogo wangu unayeanza chuo Moshi ukitokea Longido, Simanjiro au Ngorongoro, jiandae kuitwa Yero, jina wanalomwitia Mmaasai yeyote, kabla hujataja jina lako. Mimi masikio yangu yametogwa tangu utotoni, hayafichiki. Wiki ya usajili mlinzi wa getini aliniambia watu wa lindo wanaingia saa kumi na mbili jioni. Wenzangu walipita bila kuulizwa. Mimi nilitoa barua ya chuo, akaigeuza mbele na nyuma ndipo akafungua.

Sikugombana naye. Ukimjibu kila mtu utamaliza semista umechoka na sapu, yaani mtihani wa kurudia, mkononi. Halafu nchi hii tunataniana, Mchaga na Mpare wanachambana hadi msibani. Kipimo changu ni hiki: nikimrudishia, naye anacheka? Mwenzangu wa chumba nilimwambia Mchaga hata akifa, ukidondosha sarafu atafumbua jicho. Alicheka mpaka akakaa chini, na tukaishi vizuri. Anayetania kisha akinuna akitaniwa, huyo mwekee mpaka.

Ila likigusa maksi, chumba au mkopo, hapo hakuna utani. Kwenye kazi za kikundi nilikuwa wa kutumwa fotokopi tu. Kuwasilisha walipewa wengine, eti Kiswahili changu kitawaangusha. Nilimfuata mwalimu nikamwomba kila mmoja awasilishe kipande chake. Sikutaja kabila la mtu, na alikubali palepale. Angekataa, ningemwandikia mshauri wa wanafunzi: tarehe, maneno yaliyosemwa, waliokuwepo. Ibara ya 13 ya Katiba ya 1977 inakataza kumbagua mtu kwa kabila lake au mahali alikotokea, kwa hiyo huombi hisani.

Wakianza kilugha katikati ya majadiliano, waombe Kiswahili bila kuona haya. Mrombo na Mmachame, wote Wachaga, wenyewe hawaelewani kila kitu; mara nyingi yupo mwingine pembeni anakodoa macho kama wewe.

Kilichonisumbua kuliko maneno yote ni wikiendi. Ijumaa wenzako wanapanda gari kwenda Marangu na Kibosho, bweni linabaki kimya, na nauli ya kwenu ni ya kuhesabu. Usijifungie ukalala. Gonga milango: utamkuta Mmakonde, Msukuma, pengine Mzanzibari, nao wanatazama dari. Changeni mchele na maharage. Kama hujui kupika, osha sufuria; mimi nilipewa cheo hicho mpaka nahitimu.