Eti huku hatuzeeki

Mdogo wangu, salamu zako za Tandahimba zimefika, pamoja na ile hela ya salfa ya mikorosho unayoomba. Chombo chetu cha anga kinakwenda kwa asilimia 99 ya kasi ya mwanga, nami leo natimiza mwaka. Ujumbe wako umenikimbiza muda wote huo; unaonesha uliutuma siku ya 26 tangu mnisindikize. Siku 26! Vumbi la Mtwara halijanitoka viatuni, umeshapiga mzinga.

Nimetuma. Lakini jibu hili lina miaka saba njiani, litakufikia mwaka wa 14 tangu niondoke. Ubwiriunga, ugonjwa ule wa mikorosho, utakusubiri? Kakope. Ila za riba usiguse.

Halafu hayo ya vijiweni, eti tuliopanda chombo hatuzeeki, nani kawadanganya? Mwaka wangu ni mwaka mzima: nywele zimeota nimenyoa, jino limeoza limeng'olewa. Saa ya ukutani naiona inakwenda kawaida tu. Ila kwa hesabu ya nyumbani imeshapita miaka saba. Einstein alilieleza hilo 1905, kwamba saa iliyo mwendoni huhesabu muda mchache kuliko iliyobaki, na mwaka 1971 saa za atomiki zilizungushwa dunia kwa ndege za abiria zikarudi hazilingani na zilizobaki. Si dawa ya ujana. Na mwajiri hesabu hiyo anaijua vizuri: mshahara unafuata saa ya chombo. Nyie mnapiga bajeti ya miaka saba, mimi nimelipwa mmoja.

Kinachoniua ni simu. Sauti ya mama ya dakika moja inaingia kwa dakika 14, nzito, inaburuzika, mpaka mashine iirudishe kasi yake ndipo nimsikie: "Umekula?" Nikimjibu, atalipata lini? Binti yangu namwona ana miaka mitano, anadokoa korosho kwenye ungo. Mkisoma hapa ana 19, ameshachezwa unyago, labda na mahari mmeshakula.

Usije. Lima mikorosho yako. Ila nafasi zikitangazwa usizembee, pesa ipo; uje na mkeo na watoto wote, chombo kimoja, siku moja. Utakayemwacha, umemwacha kweli.

Nimeomba kurudi. Nikikubaliwa leo, tukageuza kwa kasi hii hii, barua itanitangulia siku 26 tu. Mama asubiri mwezi. Ukiisha sijabisha hodi, mjue wamenikatalia, na ile hela mgawane, usile peke yako.