Historia ya Nyumba ya Wageni ya Ufukweni: Anza na Risiti za Fundi

Nilipoombwa kuandika historia ya nyumba moja ya wageni iliyo kando ya bahari, inayoendeshwa na ukoo mmoja kwa vizazi vitatu, nilianzia pale wengi wanapoanzia: kwa mgeni mashuhuri. Kila nyumba ya zamani ina wake. Wetu alikuwa mwandishi, eti alilala chumba cha juu cha kona akaandika humo sura nzima ya kitabu. Nilishinda wiki mbili nikiipamba hadithi hiyo. Kisha nikaletewa daftari la wageni la mwaka ule, nikalipekua jina kwa jina, nikamkosa. La kuniumbua zaidi, risiti za ujenzi zilionyesha kuwa ghorofa ya juu iliongezwa miaka 11 baada ya ziara yenyewe.

Kwa hiyo wewe usianze kwa kuuliza nani alilala hapa. Uliza paa lilibadilishwa lini.

Nyumba ya ufukweni hudaiwa na bahari kila siku. Chumvi hupenya kwenye zege mpaka kwenye nondo, nondo hushika kutu, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, zege hupasuka kutokea ndani. Ukuta uliojengwa kwa mchanga wa pwani ambao haukuoshwa huvuta unyevu wa hewani, ukatoa jasho hata kiangazi. Mwenye nyumba hana budi kutoa fedha mara kwa mara, na fedha huacha karatasi. Karatasi hizo ndizo zilizonipa mwaka ambao maji ya bamvua yalizoa ngazi za baraza. Zilinipa pia jambo ambalo ukoo haukuwahi kulitamka: miaka 4 mfululizo bila hata kopo moja la rangi. Hapo biashara ilikuwa hoi.

Kisha chunguza wageni walifikaje. Mlango mkuu wa nyumba yetu unatazama bahari, wakati leo magari yote huingilia nyuma, jikoni. Nilidhani fundi alikosea, kumbe wageni wa kwanza walishuka mashuani. Njia ikihama, nyumba hugeuka au hufa. Brighton, huko Uingereza, ilianza kujaa wagonjwa baada ya daktari Richard Russell kuandika mwaka 1750 kuhusu tiba ya maji ya bahari. Reli ya kutoka London ikafika 1841, na Grand Hotel ikafunguliwa 1864, wateja wakiwa tayari wanashuka stesheni.

Tafuta ramani za zamani pia, maana hata ufuo huhama. Hoteli ya Raffles ya Singapore ilipofunguliwa mwaka 1887 ilitazamana na bahari. Bahari ikafukiwa, na leo kilichobaki mlangoni ni jina la barabara, Beach Road.

Wazee wahoji, lakini usiishie kwa wenye mali. Mwenye mali hukumbuka sherehe. Dobi mstaafu niliyemhoji hakuwa na mwaka hata mmoja kichwani, ila alijua ni msimu gani shuka za kufua zilipungua ghafla, na hesabu yake ililingana na lile pengo la rangi. Nenda na picha mkononi, maana ukimwuliza mzee hivi hivi "ilikuwaje zamani?" atakujibu "ilikuwa nzuri," basi.

Hadithi ya mwandishi sikuifuta. Niliieleza kama inavyosimuliwa, nikaweka kando yake risiti ya ghorofa. Mjukuu wa mwanzilishi alinuna kwa muda, halafu akaniomba nakala ya ile risiti. Picha ya mwandishi hajaiondoa. Bado imetundikwa mlangoni pa chumba cha kona, na chumba hicho ndicho kinachowahi kujaa.